Supu ya Jioni

Nailantei, jirani wa boma la pili, alisimulia kisimani kwamba alimwona Koko Naserian, kwa macho yake mawili, akimfungulia fisi zizi la ndama. Mchana kweupe! Eti fisi alikuja taratibu kama mgeni wa heshima, akasimama, wakatazamana na bibi, bibi akatikisa kichwa mara mbili kumruhusu, ndipo yule ndama mwekundu akaondoka naye.

"Mtu asiyelala usiku ana shughuli zake," Nailantei akamalizia, akajifunga dumu mgongoni na kuondoka.

Nashilu, mjukuu wa huyo Koko, alikuwa palepale kwenye foleni. Hakubisha. Kile kichwa alijua kilitikisika kwa nini. Bibi yake alikuwa anasinzia, na lango alikuwa hajalifunga.

Tangu amalize darasa la saba, Nashilu alilala nyumba moja na Koko, na hakuna aliyejua kama yeye jinsi magoti na kiuno vilivyomtesa. Akilalia upande huu, goti linamwamsha. Akigeuka, kiuno kinamwinua. Kukicha, mwili uliokesha unauma kuliko jana, na mchana usingizi unamvizia mlangoni pa zizi. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge, akamwambia maumivu na usingizi havilali ngozi moja, kimoja kikiingia kingine kinatoka. Koko alicheka mpaka akashika mbavu. Vidonge vyenyewe havikufua dafu.

Koinet, baba yake Nashilu, hakucheka. Ndama alikuwa ameliwa.

"Alhamisi nikirudi mnadani," alisema, hakumtazama mama yake usoni, "ndama watakwenda kwa mke wa jirani yetu Sitonik. Yeyo, wewe utaenda Karatu kwa dada, ukae karibu na hospitali."

Koko aliendelea kumkuna shingo ndama aliyekuwa akimlamba kiganja. Wale ndama ndio kazi pekee aliyobaki nayo. Kuwafungulia asubuhi, kuwafunga jioni, kuwaita mmoja mmoja kwa jina. Koinet alipokwisha kwenda zake ndipo akamwambia mjukuu wake, "Karatu wanafuga magari ya watalii. Gari nitalikuna wapi mimi?"

Nashilu akacheka, kisha akaona kwamba bibi yake hacheki.

Hakuwa binti wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa kutazama. Na jambo moja alikuwa amelitazama wiki mbili nyuma, mvua ilipojaza korongo na njia ya kwenda kutafuta gome la olkiloriti ikafungika. Olkiloriti ni mti wa miiba, na Koko alichemsha gome lake kila jioni akanywa supu yake, dawa ya magoti. Siku mbili supu haikuwepo. Siku hizohizo mbili Nashilu alisikia kitu alichokuwa amekisahau kabisa, Koko akikoroma. Asubuhi bibi akatoka nje, fimbo akaisahau ndani. Maji yalipopungua, gome likapatikana, na mkesha ukarudi.

Lakini mtoto atamwambiaje bibi yake kwamba dawa aliyofundishwa na marehemu mumewe ndiyo inayomkosesha usingizi? Alisubiri mpaka asubuhi, wakikamua.

"Koko, morani wakienda porini kula nyama, supu ya olkiloriti wanakunywa ya nini?"

"Ya nguvu. Ya ukali. Wasisinzie, simba asije akawakuta wamelala."

"Na wewe jioni unamngoja simba gani?"

Mikono ya Koko ikasimama. Ng'ombe akageuza shingo kuona kulikoni.

"Unataka kusema babu yako alinidanganya?"

"Hapana, Koko. Babu alikupa ya asubuhi, wewe ukainywa jioni."

Koko akamkazia macho kitambo. "Shule ilikufundisha kusoma, au kunizunguka?" Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Ya jioni ile hakuichemsha. Alikunywa maziwa ya moto na kidonge cha muuguzi, Nashilu akamkanda kiuno kwa kitambaa cha moto.

Kesho yake alinuna. "Umeniua, we mtoto. Sijalala hata lepe." Keshokutwa yake hakununa.

Alhamisi jua lilikuwa bado halijazama Koko alipofunga lango la zizi, akalitikisa kuhakikisha, akaingia ndani. "Nijinyooshe kidogo tu."

Koinet akarudi na sukari na shuka jipya la safari. "Yeyo!" aliita kutoka uani. "Yeyo, umejiandaa?"

Akainama mlangoni. Mama yake alikuwa amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, mdomo wazi, anakoroma. Koinet hakukumbuka lini alimwona amelala. Tangu utoto wake huyu alikuwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka.

Nashilu akasogea nyuma yake. "Ndama wote wamo, Baba. Amewafungia mwenyewe. Mwachie. Mpaka mvua zijazo tu, Baba, mwachie ndama wake."

Koinet akaitikia kwa kichwa, kisha akaweka kidole mdomoni. Akavua makubazi yake ya matairi, akaiegemeza fimbo ukutani polepole isigonge, akaketi pale mlangoni, shuka jipya mapajani.