Mwanga Uliopita Kwenye Viazi vya Mutahi

Jumamosi asubuhi, ng'ombe wakiwa wameshakamuliwa na maziwa yameshaenda dairi, Murugi alifuta meza iliyokuwa kwenye stoo ya viazi, akatandaza kitambaa cheupe, akaanza kuunda bunduki.

Haikuwa bunduki ya kumuumiza mtu. Ilikuwa ndogo kama kidole, ya kuingizwa kwenye shingo ya TV za zamani, zile za mgongo mrefu ambazo mtu mmoja hawezi kuzibeba bila kulalamika kiuno. Kazi yake ni kurusha elektroni zigonge kioo kwa ndani, na pale zinapogonga ndipo mwenye TV huona picha. Murugi alikuwa akiziunda kwa ajili ya karakana ya Shee, mjini Nyeri, kwa kuwa bado wako watu wanaozipenda TV hizo na hawataki kusikia habari za nyingine.

Mama yake, Beth, alikuwa ameketi mlangoni akichagua mbegu za viazi, zenye macho mazuri huku, zilizooza kule.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," Murugi akajibu bila kuinua kichwa.

"Nyumba yangu haina hewa, na watoto wanakimbia ndani hawachoki."

"Tyubu ya TV."

"Umekuwa mjanja sana, mama mkwe. Siku hizi hunipi hata mji."

Alimwita mama mkwe kwa sababu Murugi alipewa jina la mama wa baba yake. Kwa sababu hiyohiyo Mutahi, mdogo wa baba yake, aliyekaa ng'ambo ya waya wa mpaka, alimwita mama, na alimwita hivyo kwa heshima zote.

Sasa, ugumu wa bunduki ya elektroni ni huu. Nyuma kabisa kuna kikopo kilichopakwa unga mweupe. Kikipashwa moto mpaka kiwe chekundu, elektroni hutoka, lakini hutoka zikitawanyika kama watoto shule inapofunguliwa milango. Kwa hiyo mbele yake huwekwa kikombe chenye tundu dogo la kuzikusanya, na mbele ya kikombe huwekwa pete za kuzivuta na kuzibana mpaka zifike kwenye kioo zikiwa nukta moja. Tundu likikaa mbali na kikopo, picha inakuwa ukungu. Likikaa karibu mno, vinagusana na kazi imeharibika. Safari hii Murugi alikuwa amebuni mpango wake mwenyewe, tundu dogo zaidi na pete moja ya ziada, kwa sababu wateja wa Shee walikuwa wakilalamika kwamba nyuso za watu kwenye picha zinafanana na maandazi.

Tena matundu yote lazima yawe kwenye mstari mmoja. Karakana ilikuwa na fimbo ya chuma ya kunyooshea, lakini ilikuwa imeshaanguka na kupinda. Nyumbani Murugi alikuwa na njia yake. Aliinua bunduki mbele ya dirisha, akafumba jicho moja, akachungulia matunduni mpaka akaona shina la mti wa muringa kule chini mtoni. Shina likionekana lote, basi imenyooka.

Hiyo ndiyo njia baba yake, Gatimu, aliyotumia kupanda matoka. Matoka ni yale maua ya mpaka, ambayo watu wa huku huyapanda mbele ya mashahidi, na ukishayapanda hakuna mtu wa kuyagusa, hata awe amelewa. Gatimu alisimama kwenye kona ya stoo hiyohiyo, akafumba jicho moja, akaangalia muringa, akawa anampigia Beth kelele asogee kulia, asogee kushoto, na kila Beth aliposimama sawasawa ndipo ua lilipopandwa. Gatimu alipofariki walimzika upande wao wa matoka, na pakabaki nafasi nzuri kando yake.

Mwaka ambao Beth alilazwa Nyeri kwa ajili ya nyonga, Murugi akiwa analala huko kumuuguza, matoka yaling'olewa. Waliporudi walikuta nguzo za simenti na waya mpya, na kaburi la Gatimu liko upande wa Mutahi, katikati ya viazi. Mutahi alieleza kwamba ati trekta ilikosea, na kwamba nguzo ziliwekwa mahali dereva alipokumbuka. Kuhusu kaburi alisema wasiwe na wasiwasi, yeye atalima akilizunguka, na ndugu yake hawezi kukosa amani akiwa kwake.

Beth hakuzungumzia viazi. Alitaka kitu kimoja tu, siku yake ikifika alazwe kando ya Gatimu, upande wa kushoto, kama walivyozoea. Alikuwa amemwomba Mutahi, na Mutahi alimjibu kwa upole kwamba mtu hazikwi kwenye shamba la mtu mwingine, sheria haipendi. Viazi vikishavunwa, mpima ardhi angekuja kuweka mawe ya serikali. Mawe yakishaingia, maneno yameisha.

Basi Murugi alipeleka bunduki mjini. Shee aliiunganisha na shingo ya kioo kwa moto, akanyonya hewa yote kwa pampu, akampa TV nzima aende kuipasha polepole nyumbani, maana umeme wa mjini ulikuwa ukipotea na kurudi. Murugi aliiweka stoo na kuiwasha jioni, baada ya chai. Kikopo kikawa chekundu. Kwenye kioo ikatokea nukta moja safi, ndogo kuliko zote alizowahi kuona. Akaongeza nguvu kidogo. Nukta ikatoka kwenye kioo, ikapita kwenye mbao za ukuta, ikapita chini ya waya, ikakata viazi vya Mutahi kutoka juu mpaka chini, ikaishia kwenye shina la muringa.

Ulikuwa mwanga wa kijani, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, kwenye kimo cha goti. Kaburi la Gatimu lilikuwa upande wa huku, mbali kabisa na mwanga, na pembeni yake nafasi ya kutosha mtu na hata mgeni wake.

Beth alisimama mlangoni akaangalia. Akasema mstari ni huo, akarudi jikoni kuepua mboga.

Asubuhi, chini ya mwanga, matoka yalikuwa yamechipuka. Kufikia Jumapili yalikuwa na maua, meupe yenye michirizi ya waridi, mstari mzima mpaka mtoni.

Mutahi alikuja baada ya kanisa akiwa bado na koti. Alipewa chai, akanywa, akauliza hali ya nyonga, akauliza ng'ombe, kisha akamgeukia Murugi.

"Mama, hiyo taa yako iko ndani ya viazi yangu."

"Nimeiona, baba mdogo."

"Si ugeuze kidogo iangalie barabara?"

Murugi akaigeuza TV ikaangalia barabara. Mwanga ukatokea mgongoni, ukateremka mpaka kwenye muringa kama kawaida. Akazima umeme. Mwanga ukabaki. Mutahi alishukuru kwa chai, akaenda kwake, na alipofika kwenye mwanga aliinua miguu akauvuka kama mtu anayevuka mfereji.

Wiki hiyo alijaribu kung'oa matoka. Aliyong'oa asubuhi, jioni yalikuwa yamerudi, tena yameongezeka. Wakati huu hapakuwa na trekta ya kusingizia, kwa hiyo akaacha.

Shee naye alikuja kukagua. Alivua viatu mlangoni ingawa Beth alimwambia hapo ni stoo tu, akachungulia shingo ya tyubu, akatembea na mwanga mpaka mtoni, akarudi na matope.

"Dada Murugi, hii imenyooka kuliko zote tulizowahi kutoa," akasema. "Elektroni hazitakiwi kupita kioo. Lakini ukizinyoosha sana, nani atazisimamisha?"

Alimshauri aibakishe hapo, kwa kuwa mteja alitaka TV ya sebuleni, na sebule yake haikuwa kubwa kiasi hicho. Akamwomba amwundie nyingine iliyonyooka kwa kiasi.

Viazi vikavunwa. Mpima ardhi, kijana mtulivu anayeitwa Dedan, akaja na mashine yake ya miguu mitatu. Walikuja pia naibu wa chifu, wazee na akina mama wa kanisa. Mzee Munene, aliyekuwa shahidi tangu mwanzo, alitembea kando ya mwanga akiwa ameshika mikono nyuma, akasema hapo ndipo walipochinja kondoo siku Gatimu alipopanda. Wazee wakakubali. Naibu wa chifu akakubali. Mutahi pia akakubali.

"Hapo ndipo palikuwa," Mutahi alisema. "Mimi sijawahi kusema hapakuwa."

Dedan akapangusa kioo cha mashine. Alieleza kwamba ameuona mwanga na ni mzuri, lakini mashine inasoma nguzo, na mwanga hauwezi kutiwa simenti. Wakitaka mwanga uwe mpaka, inabidi mwenye shamba ulimopita akubali. Watu wakamwangalia mwenye shamba. Mwenye shamba akaangalia mawingu upande wa Aberdare, akasema inaonekana mvua itanyesha.

Hapo Beth, aliyekuwa ameletewa kiti, akasema, "Kitendawili."

"Tega," wakaitikia wote, hata Dedan.

"Analala mahali pamoja tangu alale, hajageuka hata ubavu, lakini ameamka kwa shamba ya jirani."

Hakuna asiyejua jibu. Lakini kitendawili hujibiwa na yule anayeangaliwa, na Beth alikuwa anamwangalia Mutahi.

"Nimeshindwa, shemeji," Mutahi akasema.

"Nipe mji."

"Nakupa Mweiga."

"Mweiga ndiyo hii nakaa. Ongeza."

"Kerugoya."

"Huko ni maofisi matupu, Baba Griffins," Beth akasema, akimwita Mutahi kwa jina la mwanawe. "Na hii nyonga nitapanda ngazi ngapi? Ongeza."

Watu walicheka. Mutahi pia alicheka, maana hakuwa mtu mchoyo mbele za watu. "Basi chukua Doldol," akasema. "Chukua yote, na ng'ombe, na mbuzi, na ile soko ya mifugo. Sitaki hata kwato moja."

Akina mama wakapiga makofi. Beth akaipokea Doldol. Akasema amefika huko, amekaribishwa, amekula nyama ya mbuzi mpaka akalegeza mshipi, amelala, ameamka, amerudi. "Na huyo anayelala," akasema, "ni Gatimu."

"Ni Gatimu," Mutahi akakubali.

"Na mimi, Baba Griffins? Nilale wapi?"

Mutahi alitoa kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Alisema hicho si kitendawili, hilo ni jambo la shamba, na mambo ya shamba mpima ardhi ameshayaeleza. Alikuwa ametoa Doldol nzima bila kufikiri, lakini kile kipande cha kutosha mwanamke mmoja mwembamba hakuweza kukitoa. Wazee wakaangalia viatu vyao. Mawe ya serikali yakawekwa kwenye nguzo, alasiri hiyohiyo, na baadaye wote wakala viazi vya kuchemsha, ambavyo Mutahi mwenyewe alivileta kwa wema.

Mwanga haukuondoka. Watu wakauzoea. Waliotoka mtoni jioni waliufuata badala ya kuwasha simu. Kuku walilala karibu yake wakati wa baridi. Mutahi aligundua kwamba matoka yaliyong'olewa hayaendi, lakini yaliyokatwa maua hayajali, yanatoa mengine. Akazungumza na Phyllis, mwuza maua wa Nyeri, na sasa hakuna harusi mjini isiyokuwa na matoka yake. Kila Jumapili alimletea Beth shada moja, akiomba radhi kwamba si kubwa. Beth aliliweka kwenye maji. Hakuwa mtu wa kukataa maua.

Murugi alimuundia Shee bunduki nyingine, akizichungulia kwa kuangalia nguzo ya stima iliyoinama kidogo. Picha zilitoka nzuri na zikabaki ndani ya TV.

Jioni moja Beth alimwambia amletee gunia na wateremke pamoja mpaka kwenye waya, pale panapokaribiana zaidi na kaburi. Murugi akatandaza gunia. Beth akalala chali, polepole kwa sababu ya nyonga, akanyoosha miguu, akaweka kitambaa cha kichwa sawa. Ng'ambo ya waya Mutahi alikuwa anapita na ndoo ya maua. Aliwasalimia, nao wakamwitikia, akaendelea na safari yake.

"Nisogeze kulia kidogo," Beth akasema.

Murugi akavuta gunia. Bega la Beth likagusa waya.

"Hizi nguzo zimeingia chini kiasi gani?"

"Kama goti hivi."

"Na mtu huchimbiwa mpaka wapi?"

"Hata kupita kichwa, mama."

Beth akafumba macho, akajaribu mahali pake.

"Basi," akasema. "Huko chini hakuna waya."