Nikikugusa, Sema

Daktari Jerono alichomoa pamba kidogo, akaisokota kati ya vidole mpaka ikabaki ncha nyembamba. Akaigusisha nyuma ya kiganja cha Viola.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Basi ni hivyo tu. Sasa utafunga macho. Nikikugusa, sema 'hapa'. Nisipokugusa, nyamaza. Sawa?"

Viola akafumba macho. Nje ya mlango, kwenye benchi la kliniki, mtoto wake Kizito alikuwa analia. Kilikuwa kilio cha njaa, na maziwa yakamlowesha Viola kifuani papo hapo. Mama Wabwile, mama wa mume wake, alikuwa amembeba huyo mtoto mgongoni kutoka Ndalu hadi Kitale, na hakuonyesha nia ya kumfungua.

Mviringo wa kwanza ulikuwa umetokea kwenye ngozi ya mkono, chini ya kiwiko. Kingo zake zilikuwa zimeinuka, katikati pamepauka. Wa pili ulikuja pembeni mwa paji la uso, na nywele za hapo zikakatika. Mama Wabwile aliiona miviringo hiyo siku Viola alipoinama kuosha vyombo.

"Mama yangu alianza hivyo hivyo," alisema. "Mviringo kama hii. Siku moja tukasikia harufu ya nyama inaungua, tukadhani ni mboga. Kumbe ni mkono yake iko kwa moto, na yeye anatupigia tu hadithi. Walimpeleka Busia, kwa hospitali ya wenye ukoma. Hakurudi."

Tangu hapo Viola alikunywa chai kwa kikombe chake peke yake, na Kizito akalala kwa nyanya yake, akinyweshwa uji. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Mumewe alisema tu, "Si uende Kitale uonwe? Huku watu wataanza kusema." Shambani, Viola alijidunga mwiba katikati ya ule mviringo. Alisikia. Au alisikia kwa sababu alikuwa anaangalia? Akageuza uso, akajidunga tena, na tena, mpaka hakujua tena kusikia ni nini.

"Hapa," alisema sasa, macho yamefungwa.

Koti la daktari likachakacha.

"Hapa."

Kiatu kikasugua sakafu.

"Hapa. Na hapa pia."

"Viola, fungua macho."

Jerono alikuwa amesimama kando ya dirisha. Pamba ilikuwa juu ya meza.

"Hizo za mwisho ni nani amekugusa? Malaika?"

Viola hakucheka. "Daktari, andika tu ati nasikia. Tafadhali. Andika hivyo nimchukue mtoto wangu."

"Nikiandika uongo, ndio utamshika na amani?" Jerono akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Hata kama ni ukoma, siku hizi kuna vidonge na watu wanapona. Lakini nisipojua ni nini, nitakupa dawa ya nini? Tujaribu tena. Usiposikia kitu, nyamaza. Kunyamaza si kosa."

Giza tena. Nje, Kizito alinyamaza ghafla, na hilo likamtisha zaidi. Viola alingoja. Hakuna kitu. Neno lilimjia mdomoni, akalimeza. Pengine daktari alikuwa anamgusa sasa hivi, huku akimtazama kwa huruma. Pengine pamba ilikuwa imeshapita juu ya mkono wake kama upepo juu ya jiwe. Akauona akilini ule mkono wa mama yake Mama Wabwile motoni, na mwenyewe akicheka na watoto wake.

Halafu kitu kama sisimizi kikavuka katikati ya mviringo.

"Hapa," alinong'ona.

Akangoja. Kisha pembeni mwa paji.

"Hapa."

"Fungua macho. Zote mbili ni kweli."

Jerono alikwangua ukingo wa mviringo kwa kisu, unga mweupe ukaanguka juu ya kipande cha kioo. Akang'oa vinywele vilivyokatika, akadondosha dawa ya kulainisha, akapitisha kioo juu ya moto mdogo.

"Unakamua ng'ombe?"

"Kila asubuhi."

"Kichwa unakiweka wapi?"

Viola aliegemea ukuta kama anavyoegemea ubavu wa ng'ombe: kwa pembeni mwa paji, mkono chini yake. Wote wawili wakatazama palipogusa ukuta: ni pale pale penye miviringo.

"Huyo ng'ombe ana mabaka?"

"Yeye hana sana. Ni ndama wake. Kuzunguka macho, kama majivu."

Jerono aliinamia darubini. Viola aliukodolea macho mgongo wake.

"Ziko," daktari alisema mwishowe. "Nyuzi za kuvu, hata ndani ya nywele. Ni choa, Viola. Umeitoa kwa ng'ombe."

"Choa?" Mama Wabwile alikuwa amesimama mlangoni, mtoto amelala mgongoni. "Choa ni ya watoto wa shule. Mimi nimeona ukoma na hii macho yangu, daktari."

"Choa inawasha. Mama yako alikuwa anajikuna?"

"Hapana," Mama Wabwile akasema polepole. "Hata siku moja."

"Na huyu?"

"Huyu? Huyu anajikuna mpaka kuku wanaamka."

Vidole vyake vikaenda kwenye fundo la leso kifuani, vikakwama hapo. "Na mtoto hataipata?"

"Anaweza. Choa inaambukiza, sitawadanganya. Viola afunike mkono na apake dawa. Dawa ya kichwa ni ya kumeza; nitamchagulia isiyomdhuru mtoto anayenyonya. Ndama naye atibiwe. Lakini itaisha."

Fundo likafunguka. Sasa ni Viola aliyeshindwa kunyoosha mikono. Alikuwa amejizoeza kuificha nyuma.

"Shika basi," Mama Wabwile alisema. "Ama nimrudishe mgongoni?"

Viola aliuzungushia mkono leso, akampokea. Alikuwa mzito kuliko alivyomkumbuka. Kizito akaamka, akalipata titi bila kuelekezwa. Alipokuwa ananyonya, Viola alianza kuzitenganisha nywele za mtoto kwa kidole, kidogo kidogo, akitazama ngozi. Mama Wabwile akainama upande wa pili, kichwa chake karibu kugusa cha Viola, naye akitafuta mviringo.