Mikono Isiyorudi

Nje ya geti la kiwanda cha samaki, Igogo, Mama Rose huweka beseni la maji ya uvuguvugu chini ya meza yake ya chai. Hatozi hela. Anajua kwamba mwanamke aliyeshika sangara na barafu tangu alfajiri hawezi kushika kikombe mpaka mikono irudi. Ndivyo wanavyosema wenyewe: mikono kurudi. Nayo hairudi kwa amani. Vidole vinawaka, kucha zinataka kung'oka, na wanawake wazima wanaruka-ruka na kupiga yowe huku wakichekana.

"Mama yangu we!" Winnie alipiga yowe jioni ile. "Leo inarudi na moto!"

Modesta naye akatumbukiza yake. Akasubiri. Kwamba yale maji yana uvuguvugu alijua kwa kuona mvuke tu. Akainua macho, akakuta wenzake wanamtazama, akapiga yowe lake. Alilipiga vizuri, maana alikuwa amelifanyia mazoezi tangu masika.

Mwanzoni aliamini ni ganzi ya barafu. Nani asingeamini? Mle ndani kila mtu ana ganzi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilipokufa, alidhani kimechelewa tu kurudi. Kikafuata cha pili yake, kisha vingine, hata vya mkono wa kushoto. Kisha likaja baka juu ya kiwiko, lenye weupe kidogo, lisilowasha wala kuuma. Akalifunika kwa mkono wa gauni, akaendelea na kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya vidole. Wanaume hukata minofu. Modesta na Winnie huipapasa. Unapitisha ncha za vidole juu ya mnofu, taratibu, ukitafuta mwiba uliosahauliwa na kisu. Macho hayasaidii, kwa sababu mwiba hujificha ndani ya nyama. Modesta alikuwa bingwa wa meza ile, na wageni wakija kukagua kiwanda walisimamishwa nyuma yake wamwone. Sasa alipapasa kwa kubahatisha. Winnie, bila kusema neno, alikuwa akiivuta minofu yake na kuirudia.

Hatimaye alisema. "Nenda zahanati, Mode. Siwezi kupapasa ya watu wawili maisha yangu yote."

Zahanati alimkuta Hellen, nesi wa makamo, anajiandaa kufunga. Modesta akamwamkia, akaonyesha mkono. Hellen akarudisha mkoba wake mezani.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Modesta akafumba. Akasikia mbuzi nje, akasikia kiti cha nesi kikilia. Akasubiri aguswe.

"Haya, fumbua."

"Mbona hujaanza, sista?"

Hellen alikuwa ameshika kipande cha pamba mkono mmoja na sindano mkono wa pili. Kwenye kidole cha mwisho cha Modesta palikuwa na tone la damu, limeshaanza kukauka.

"Mkononi kuna mishipa ya fahamu," Hellen alisema. "Ndiyo inayopeleka habari kichwani. Hapa moto, hapa kisu, toa mkono. Ya kwako inaharibiwa."

"Na nini?"

Hellen aliinuka kwanza, akafunga mlango.

"Ni ukoma, mdogo wangu. Usishtuke. Unatibika, na dawa ni bure. Ukishaanza kunywa humwambukizi mtu. Ila ukichelewa, dawa itaua vijidudu tu. Mkono hautarudi."

"Nipe hiyo dawa basi."

"Hapa haianzishwi. Mpaka hospitali kubwa, Jumanne asubuhi. Daktari wa kliniki hiyo anakuja Jumanne tu. Na usingoje, nakuomba."

Modesta alitoka nje. Lile neno lilimtia hofu, lakini Jumanne ilimtia hofu zaidi. Kibarua hana ruhusa ya ugonjwa. Kila alfajiri wanawake husimama getini, msimamizi Shigela anatoka na kunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyekuwepo nafasi yake inachukuliwa na aliyesimama nyuma yake, na huyo naye ana watoto. Kidole hicho cha Shigela ndicho kilichokuwa kikimlisha Gladness, binti wa Modesta, na kumweka shule.

Hata hivyo alimfuata Shigela. Ugonjwa hakuutaja.

"Bosi, naomba Jumanne niende hospitali."

"Kuna nini?"

"Mkono."

"Unauma?"

"Hauumi."

"Umevimba? Umevunjika?"

"Hapana. Hausikii kitu, bosi."

Shigela alicheka. Hakucheka kwa ubaya; ni mtu wa kucheka tu, na hilo ndilo lililomuudhi Modesta zaidi. "Wenzako wanakuja hapa wanalia mikono inawauma, nawaambia wavumilie. Wewe wako hauumi, halafu unataka ruhusa! Nenda Jumapili."

"Jumapili daktari hayupo."

"Na mimi Jumanne siwezi kukosa watu. Kuna mzigo wa Ukerewe."

Jumanne hiyo ikapita, na nyingine, na nyingine tena. Winnie akahamishiwa kwenye kufungasha, na minofu ya Modesta ikawa haina wa kuirudia. Katoni zikarudishwa na mkaguzi, zina miiba. Shigela akaja mezani, safari hii hacheki, akamwekea mnofu mbele yake.

"Papasa."

Modesta alipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia. "Safi, bosi."

Shigela akachomoa mwiba kwa kucha zake mwenyewe, mrefu kama njiti ya kiberiti. Modesta alijua sasa anafukuzwa, na katikati ya aibu ile akahisi kitu kama furaha: akifukuzwa, Jumanne itakuwa yake.

Lakini Shigela hakumfukuza. Alichota bonge la barafu, akaliweka kwenye kiganja cha Modesta, akamfumbatisha vidole juu yake, akawa anamtazama usoni. Barafu iliyeyuka, maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Husikii?"

"Sisikii."

"Basi kazi yako nimeipata." Kicheko kikarudi. "Wasichana ninaowaweka kwenye matangi ya barafu wananikimbia kila siku. Wewe utakaa. Kila alfajiri nitakuita wa kwanza."

"Asante, bosi," Modesta alisema, na akajichukia kwa kusema hivyo.

Jumanne iliyofuata mzigo ulikuwa mkubwa. Modesta alisimama kwenye tangi, anavunja barafu na kuichanganya na minofu, mikono imezama. Glavu nene zilikuwa chache, Shigela akawapa wasichana wapya. "Modesta hana haja nazo," alisema, na wasichana wakamtazama kwa wivu.

Kabla ya mchana Shigela alipita, akasimama, akainamia tangi.

"Nani kaniletea samaki hajaoshwa? Maji haya yana damu!"

Modesta akatazama. Kweli, maji yalikuwa na wekundu, na yalizidi upande wake. Tangi likimwagwa, kesho hataitwa.

"Mtafute, mtoe upesi, kabla hajaharibu wengine."

Akainama. Akazamisha mikono mpaka kwenye viwiko, akainua mnofu wa kwanza, akaugeuza, akautazama: mweupe. Akainua mwingine. Mweupe. Akachimba chini zaidi, ambako vipande vya barafu vilikuwa na ncha, akawa anavisukuma kando kwa viganja, kwa haraka, na kadiri alivyotafuta ndivyo maji yalivyozidi kuwa mekundu. Mezani kwake, Winnie aliinua macho. Akaona. Katoni ikamdondoka.

"Modesta!" alipiga yowe. "Modesta, toa mikono!"

"Ngoja," Modesta alisema bila kugeuka. "Bado sijampata."