Picha Mia Nne za Kichwa

"Imekata tena," binti alisema, simu bado iko sikioni. "Daktari anasema kupakua picha kulifika robo tatu. Sasa kunaanza upya."

Fundi wa mitambo wa hospitali hakugeuka. Hiyo ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi. Mama wa binti huyo alilazwa wodi ya chini, damu imemvujia kichwani, na daktari bingwa wa mji mwingine asingempokea kabla ya kuziona picha zake.

Tovuti ya kupakulia picha aliitengeneza fundi mwenyewe. Aliijaribu kwa picha ya goti lake, ikashuka kufumba na kufumbua, naye akatamba wiki nzima. Lakini goti lilikuwa picha moja. Kichwa hiki kilikuwa mia nne. Programu yake ililibeba faili zima kabla ya kulitoa, ikaelemewa, ikaanguka. Ni sawa na mlinzi wa geti anayekagua kibali, kisha akajitwisha na mizigo ya mgeni. Kasoro hiyo aliijua tangu mwaka jana. Kila wiki alisema ataishughulikia.

"Itawezekana, anko?"

"Nipe nusu saa, mwanangu. Nenda ukakae na mama."

Programu akaiachia kukagua ruhusa tu. Kubeba akaiachia seva, kompyuta inayotunza picha, itoe faili vipande vipande, na likikatika liendelee pale lilipoishia. Mistari kumi na mmoja ya programu, dakika ishirini na tano. Akampigia daktari ajaribu tena. Mtandao ulikatika kwenye asilimia sitini, ukarudi, na faili likaendelea kutoka sitini.

Alishuka ngazi mbilimbili kwenda kumwambia binti.

Wodini nesi alikuwa anavuta pazia. Binti amesimama nje yake, ameshika viatu vya mama yake.

"Ametutoka, anko. Sasa hivi tu."

Fundi alitaka kusema pole. Simu yake ikaita, akaipokea bila kujua afanye nini kingine.

"Fundi, zimefika zote, safi kabisa," daktari alisema, sauti imechangamka. "Anatibika huyu. Mleteni upesi, chumba cha upasuaji kiko tayari."

Binti alikuwa anamtazama.

"Haloo? Mnanisikia? Mleteni."