Shahidi Asiyeapa

Binti wa kaka yangu ni msusi, na akisuka, simu huiegemeza kwenye kopo la mafuta asome blogu za wanasheria kama wenzake wanavyofuata umbea. Siku hiyo aliacha kichwa cha mteja nusu, akanifuata nilipokuwa nakunja taulo.

“Shangazi, mahakama ya rufani imetoa uamuzi. Shahidi asipoapa wala kuthibitisha, maneno yake yote yanafutwa. Hata yakiwa ya kweli.”

“Wanaoandika wanasemaje?”

“Wanausifu. Mmoja anasema hiyo ni dawa ya mahakimu wazembe.”

“Dawa ya mahakimu, wanaoimeza ni wengine,” alisema mteja, kichwa kimeinama.

Nilikaa. Mwanangu, fundi wa kuchomelea, amefungwa kwa unyang'anyi. Usiku wa tukio alikuwa kwangu, macho yamepigwa na mwanga wa kazi yake, hata mlango haoni, nami nikimbadilishia vitambaa vya maji baridi. Shahidi wake nilikuwa peke yangu. Nilipoitwa mbele, nilimweleza hakimu kwamba kwa imani yetu hatuapi. Alikuwa mtu mpole. Akaniambia, “Basi mama, sema ukweli tu.” Kumbe wasioapa nao wana maneno yao ya kuthibitisha, ilibidi anitamkishe. Hakunitamkisha, nami sikujua. Mwisho akamfunga. Ikabaki rufaa, na rufaa yote ilisimama juu ya maneno yangu.

Wakili wetu naye alikuwa ameshausoma uamuzi ule. Nilipokwenda ofisini kwake na binti wa kaka, alinisogezea karatasi.

“Hapa unasema ulithibitisha, ila karani alisahau kuandika. Makarani husahau kila siku, mama.”

“Karatasi hii inaitwaje?”

“Hati ya kiapo.”

Nikacheka, Mungu anisamehe. “Ukweli nilikataa kuuapia, leo niapie uongo?”

“Uongo mdogo, unabeba kweli kubwa.”

“Mwanangu hakuiba. Hilo nitalisema mpaka nizikwe. Ila hili halikutokea.”

“Majaji hawatakuuliza kama aliiba. Watauliza kama uliapa.”

Binti wa kaka alinivuta kando. “Shangazi, weka sahihi. Mungu ataelewa.”

“Kwa kuwa anaelewa ndiyo maana namuogopa.”

Niliomba, nikafunga, nikaomba tena. Sikuweka sahihi. Majaji wakasoma kumbukumbu, hawakuona kiapo wala uthibitisho, wakafuta ushahidi wangu na rufaa ikaanguka. Kesho yake tukawa kwenye blogu. Waliniita shahidi wa kwanza wa utetezi. Mmoja aliandika kwamba sasa sheria imekaa sawa.

Siku ya kuona wafungwa nilimkuta mwanangu nyuma ya wavu. Habari zilimfikia kabla yangu.

“Karatasi uliletewa?”

“Nililetewa.”

“Na kalamu ilikuwepo?”

“Ilikuwepo, baba.”

Alitazama mikono yake. Makovu ya cheche yalikuwa yameanza kufifia.

“Ulinishika mkono mpaka chooni, mama. Anayejua ni wewe tu.”

“Na Mungu.”

“Mungu hawakumwita kutoa ushahidi.”

Aliinuka kabla muda haujaisha, akaenda zake bila kuaga. Askari akaniuliza kama nina kitu cha kuacha. Nilimpa mfuko wenye sabuni na fulana, nikamtajia jina la mwanangu, akaniomba nilirudie.