Mvua Juu ya Mlima Ulioungua

Moto ulipoteketeza misonobari ya mlimani, Bibi Eufemia aliigeuza sanamu ya Mtakatifu Isidro ikatazama ukuta. Kwetu huku bondeni New Mexico huyo ndiye tunayemwomba mvua, na Bibi hakutaka mvua tena. Tulikuwa tumeonywa: udongo ulioungua haunywi maji, mvua ikinyesha kule juu, mlima wenyewe utashuka. Babu Onofre, msimamizi wa mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, akaigeuza sanamu tena. Maharage yake yalikuwa yanakauka, na ubishi wa Babu hauna dawa.

Siku moja mchana jua lilituwakia, lakini mlimani wingu la zambarau lilitulia, likimwaga mvua tusiyoisikia. Upepo ukaleta harufu ya jivu lililoloa. Nilihisi kama naota: ndege kimya, vikombe vinatetemeka polepole mezani.

Babu akachukua koleo, akashuka mferejini kufungua lango.

"Yanakuja!" alicheka. "Njooni mwone maji!"

"Onofre, panda huku! Hayo si maji!" Bibi akapaza sauti.

"Wewe umeanza lini kujua maji?"

Bibi, ambaye magoti yake hayakuwa yamemfikisha kule kwa miaka, alishuka akiniegemea, akaketi katikati ya mfereji mkavu na kutandaza sketi yake vizuri, utadhani yuko kanisani.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Nimeolewa nao. Kama ni maji ya baraka, basi yatukute wote."

Babu akamtazama, akalitazama lango. Ardhi ilikuwa inanguruma sasa. Akatupa koleo, akamshika mkono mmoja, mimi wa pili, tukamburuta hadi juu ya kilima huku akitukaripia kwamba tunamchania sketi.

Ndipo yakaja matope meusi, mazito kama uji, yamebeba mawe makubwa kuliko gari, na msonobari mmoja umesimama wima, unatembea. Ulipita langoni, na lango halikuwepo tena. Shamba likafuata. Machoni pangu yote yalikwenda taratibu, na yalipendeza, Mungu anisamehe.

Babu alivua kofia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, nikaogopa.

"Maisha yangu yote naomba maji," alisema. "Leo yamekuja, nimeyakimbia."

"Na nisingeketi pale, je?" Bibi akamuuliza.

Babu aliushika mkono wa Bibi, na hakuuachia hata majirani walipotuita kula.