Makofi ya Sokoni

Sokoni kwetu makofi yalikuwa adabu tu, mpaka yalipotuletea geti.

Mtu mkubwa akimaliza kusema, tunapiga makofi. Tumelelewa hivyo. Mwaka jana diwani alitusomea mpango wa maendeleo, tukapiga makofi, katibu wake akaandika kwamba wananchi wameridhia. Ndivyo tulivyopata geti la chuma lenye rangi ya dhahabu, wakati mvua ikinyesha maji yanafika mpaka chini ya cherehani ya mama.

Diwani mwenyewe ni mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja. Ndiye aliyenisomesha.

Safari hii alikuja na mpango wa maegesho ya magari. Sisi tulitaka mtaro. Mvua zilizopita ziliharibu nguo za wateja, na mama alishaapa: maji yakiingia tena, anafunga kibanda.

Asubuhi ya mkutano nikapita kibanda kwa kibanda.

"Leo hakuna makofi."

"Hata kidogo?" akauliza mama muuza samaki. "Mikono yangu hujipigia yenyewe!"

"Ikalie."

"Niikalie? Na mwili huu? Unataka nibaki bila vidole?"

Wakacheka wote. Sikujua wamenikubali au wamenicheka.

Mjomba alisoma vizuri; sauti anayo. "Ahsanteni kwa kunisikiliza," akamaliza, akatabasamu, akangoja.

Kimya. Katibu kalamu hewani.

Nyuma kukasikika kofi moja, pa! Fundi viatu akaudaka mkono wa muuza samaki.

"Umeniponyoka," mama wa watu akanong'ona.

"Jamani, hamjanisikia?" mjomba akauliza.

"Tumekusikia, kaka," akasema mama. Alikuwa hajawahi kufungua kinywa mkutanoni. "Tumekusikia vizuri sana."

Nikasimama. "Mheshimiwa, tuhesabu mikono. Maegesho kwanza, kisha mtaro."

"Kaa chini, mwanangu."

"Nitakaa tukishahesabiwa."

Akatazama huku na huku. Hakuna aliyemsaidia. "Haya. Maegesho?"

Ukanyooka mkono wa dereva wake, nao nusunusu.

"Mtaro?"

Mikono ikachomoka chini ya mapaja, mingine ina alama za mbao za mabenchi. Muuza samaki akanyoosha yote miwili. Tukamwambia ashushe mmoja. Nikaenda kusimama karibu na katibu mpaka akaandika neno mtaro, nikalisoma kwa sauti.

Jioni mjomba akaja nyumbani. Hakuketi.

"Umenivua nguo mbele ya watu. Mimi niliyekulipia masomo! Ungekuja kwangu, tukayamaliza kifamilia."

"Soko si la familia yetu, mjomba."

"Sasa unanifundisha kazi?"

"Nilikuja kwako mara ngapi kuhusu maji? Uliniambia watu wameridhia."

Mama alikuwa ameinamia sketi ya mteja, sindano imesimama. "Muombe radhi mjomba wako, yaishe," akasema kwa upole. Lakini hakuniangalia usoni, na pembeni ya mdomo wake niliona kitu kama tabasamu.

Nikamimina chai, nikamvutia mjomba kiti.

"Mjomba, nakuheshimu. Kaa unywe, nimeipika mimi. Mtaro ukianza kuchimbwa nitakuja na koleo, na ukitoa hotuba siku hiyo nitakupigia makofi mpaka viganja viwake moto. Lakini radhi siombi."